Saladi ya Kasiano

Wenzangu mliobaki, mliniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu jikoni, mpate kuibandika ukutani karibu na saa. Sidhani itaenea pale, na sidhani itawafurahisha. Mimi si mtu wa kufurahisha siku hizi. Nimestaafu tangu mwezi wa pili, nakaa mtaa wa Forest, hapa Ubelgiji, ghorofa ya tatu, na kazi ninayoijua kuliko zote, yaani kutengeneza saladi ya wazee themanini kabla ya saa sita mchana, haina tena mwenye kuihitaji. Basi mtanivumilia.

Niliingia kwenye ile nyumba ya wazee ya Uccle mwezi wa nne, mwaka ambao mimba yangu ya mwisho ilikuwa imeshakuwa mtoto wa chekechea. Kabla ya hapo nilikuwa napiga deki kwenye ofisi za karibu na stesheni ya Gare du Nord, kazi ambayo hukutani na mtu ila na vikombe vyake vya kahawa. Jikoni walinipa aproni, kofia ya karatasi na kisu kisichokata, wakanielekeza upande wa vyakula baridi. Mkubwa wa upande huo alikuwa Maman Léontine, mama wa Likasi, mfupi, mwenye mikono mipana, aliyekuwa hapo tangu mimi bado msichana Bukavu. Akanionyesha masanduku ya letisi changa, vichwa ishirini na vinne, akasema niioshe, kisha akaenda kupokea mkate.

Sasa mjue kwamba kwetu Bukavu jani bichi ni kitu cha kuogopwa. Lengalenga, mchicha wetu, tunapika. Sombe, majani ya muhogo, tunapika hadi isahau kwamba iliwahi kuwa jani. Mwenye kutaka kula kibichi anaosha kwa maji yenye javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana hakuna mtaa ambao haujazika mtu wa kipindupindu. Nikatafuta javel, nikaipata chini ya sinki, nikatia vifuniko viwili kwenye beseni. Nilifanya kwa moyo safi kabisa. Niliwaza wazee wa watu, matumbo yao yamechoka, nisije nikawaua siku ya kwanza.

Maman Léontine alirudi na mkate, akasimama mlangoni.

"Georgine, ni nini inanuka hivi?"

"Ni javel, Maman. Nimetia kidogo tu, juu ya microbes."

"Kidogo tu." Akafumba macho. "Bantu ba Bukavu, mutaniua. Hapa mayi ya robinet, ya bomba hii, banakunywa. Javel ni ya WC. Bwaga yote."

"Yote, Maman?"

"Yote. Na kesho unakuja tôt, nitakufundisha kuosha."

Siku ile wazee walikula karoti za kopo, na mimi nililia kwenye tramu hadi nyumbani. Kesho yake nilifika mapema, akanifundisha maji matatu. Mnayacheka maji matatu, najua, lakini niliyafuata hadi siku mabeseni yalipochukuliwa. Maji ya kwanza yawe mengi, letisi ielee, udongo uzame wenyewe, wala usiukoroge. Jani unalitoa kwa mikono ukilipandisha juu; hulimimini pamoja na maji, kwani ukimimina unaurudisha udongo ulipotoka. Maji ya pili unatia chumvi kiganja kimoja, wadudu wanaachia. Maji ya tatu ni matupu.

"Ya kwanza ni ya udongo," alisema, "ya pili ni ya badudu. Ya tatu ni yako weye mwenyewe. Ukiona chini ya beseni clair, bila udongo, unaweza kulala. Kama huoni, osha tena, hata kama chef anapiga kelele."

Hayo mengine ya saladi ya mwezi wa nne nitayasema kwa kifupi, ingawa sijui mtayatumia wapi. Letisi inachanwa kwa vidole. Zile asperges nyeupe, machipukizi marefu kama vidole, zinamenywa kuanzia chini ya kichwa kwenda mkiani, mara mbili, maana ganda linalobaki ni uzi kwenye meno ya bandia. Njegere mbichi zinaingia maji ya moto kwa muda wa kusema Baba Yetu, kisha maji ya baridi. Radis, vile vifigili vidogo vyekundu, vinakatwa vyembamba hadi uone kisu upande wa pili. Yai, vitunguu vya majani, na siki yenye mafuta mwishoni kabisa, wakati mkokoteni umeshafika mlangoni. Ukitia mapema unapeleka majani yaliyokufa.

Jambo la pili alilonifundisha Maman Léontine lilikuwa kusoma sahani zinazorudi. Kila mchana alisimama penye dirisha la vyombo vichafu na kutazama. Mzee akiulizwa atasema ilikuwa tamu sana, asante, kwa sababu amelelewa vizuri. Sahani haikulelewa. Figili zimesukumwa pembeni: meno. Yai limeliwa peke yake: hamu imeanza kuondoka. Sahani imerudi kama ilivyokwenda, siku tatu mfululizo: mwambie nesi, na ujue kwamba mara nyingi umeshachelewa. Nilisoma sahani kwa miaka mingi, na niwaambie ukweli, nyingi zilisema jambo hilo la mwisho. Tunapika kwa ajili ya watu wanaoacha kula. Hakuna aliyeniambia hivyo siku ya kwanza, na labda vizuri, nisingerudi.

Sahani ninayotaka kuwaeleza ni ya miaka mingi baada ya siku ile ya javel, ya chumba kumi na tisa, cha Monsieur Armand. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kucha safi, aliyeletwa na binti yake Madame Brigitte wakati wa baridi. Ilipofika mwezi wa tatu, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya Kifaransa. Akawa anapiga kelele maneno ambayo manesi waliyaona ni ya kubahatisha. Sahani zake zilirudi zimejaa, siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu nesi mkuu akashuka jikoni, akaniomba nipande naye juu, eti yale maneno yanafanana na ninayosema na Maman Léontine.

Nilimkuta ameketi mbele ya saladi yangu. Akanitazama usoni, akatazama aproni.

"Kasiano iko wapi?" akasema. "Ita yeye. Hii hapana safisha. Hii naua muntu."

Kilikuwa Kiswahili. Si changu wala chenu. Ni kile cha amri, cha wazungu wa zamani na wapishi wao, ambacho nilikuwa nimekisikia tu kwa bibi yangu alipotaka kutuchekesha. Akachukua jani la letisi, akalivunja. Likalia kama linavyopaswa kulia. Akalitupa sakafuni.

"Pole, Bwana," nikasema, na lile neno Bwana likanitoka kabla sijalichagua. Akatulia mara moja. Nesi alifurahi sana, akasema mimi ni zawadi ya Mungu. Mimi nilishuka ngazi kwa hasira. Miaka yote ile Ulaya, karatasi, kodi, watoto wamesoma, halafu chumba kumi na tisa kuna mtu ambaye kwake mimi bado nimo kwenye nyumba ya watumishi uani.

Msifikiri Kasiano alikuwa baba yangu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa Kadutu, kulekule Bukavu, na hakuwahi kuchemsha hata yai. Mambo hayapangiki vizuri hivyo.

Kasiano alikuwa nani, aliniambia Madame Brigitte kwenye korido jioni ile. Baba yake alisimamia mashamba ya kwinini juu ya Bukavu, na Kasiano alikuwa mpishi wao. Kabla ya yeye Brigitte kuzaliwa kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Alikufa huko kwa kuhara damu, kwa siku nne. "Mpishi hakuosha saladi," aliniambia, kwa upole, kama mtu anayetaja anwani. "Mama alimfukuza siku ileile ya maziko. Polisi walikuja kumchukua. Baadaye sijui. Kwetu hatukula tena jani bichi hadi tuliporudi Ubelgiji, na hata hapa baba aliuliza kila mara kama limeoshwa." Halafu akanishika mkono akaniomba nijaribu chochote, kwa sababu baba yake alikuwa anakufa kwa njaa mbele ya sahani.

Nilimweleza Maman Léontine, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilitaka aseme kwamba si kazi yetu. Aliendelea kumenya asperges zake.

"Ule alikuwa mukubwa, sasa ni mutoto," akasema. "Mutoto unamupa kile kenye anakula. Hasira yako, weka fasi ingine, utaikuta."

"Ananiita kama boyi, Maman."

"Na sahani inarudi namna gani?"

"Inarudi yote."

"Bon. Donc anza na sahani."

Nikafikiri. Wapishi wa zamani kule kwetu walikuwa wakichemsha maji, wakayapoza, wakatia ile dawa ya zambarau ya kuua vijidudu, wakaloweka majani muda mrefu hadi yalegee. Ndiyo maana jani lililolia mkononi mwake lilimtisha: kwake, jani gumu ni jani ambalo halikuguswa na dawa. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikatia chumvi na limau, nikazamisha letisi saa nzima. Javel sikuigusa, Maman Léontine alikuwa amesimama pale. Ikatoka legevu, ya aibu, saladi ambayo kwa miaka nilikuwa nawakemea wengine kwa kuitengeneza. Njegere nikazipika zikalainika, asperges nikazikata ndogondogo, siki nikaiacha. Nikampelekea mwenyewe.

Akainua jani. Likajikunja bila kuvunjika. Akalitazama upande huu na upande ule.

"Kasiano nasafisha?"

"Amesafisha, Bwana."

Akala. Si yote, nusu. Madame Brigitte aliyekuwa mlangoni akageukia ukuta.

Ikawa hivyo mwezi mzima wa nne na kuingia wa tano. Kila mchana nilipanda na sahani, kila mchana aliuliza kama Kasiano amesafisha, nikajibu amesafisha. Hasira yangu ilikuwa pale nilipoiweka, lakini sitawadanganya, nilianza pia kujivuna. Sahani ya kumi na tisa ilirudi nusu, ikarudi robo. Nikajiona fundi.

Siku moja ya jua, dirisha liko wazi, hakuuliza. Nilipoweka sahani alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vyenye nguvu ambazo sikuzitegemea.

"Kasiano," akaniambia mimi.

Sikumsahihisha. Angenisahau baada ya dakika, ndivyo nilivyowaza.

"Mutoto hapana kufa na saladi yako," akasema. "Mimi nampa mayi ya mutoni. Tulitembea na yeye, jua mingi, analia kiu. Mimi nampa na mukono. Madame hapana jua. Madame anasema ni Kasiano. Mimi nanyamaza."

Chini bustanini mtu alikuwa anakata majani kwa mashine. Nilingoja ile mashine izime, kama kwamba ingebadilisha kitu.

"Weye nasafisha," akasema. "Mimi najua. Siku ile yote najua."

Akawa ananingoja. Ninyi mnaotoka kwetu mnaelewa: mzee hasemi neno kama lile ukaliacha hewani. Tumelelewa kujibu. Mkubwa akikuomba radhi, hata kwa macho tu, unaipokea haraka usimwaibishe. Na mdomo wangu ukafanya kama ulivyofundishwa.

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Imeisha."

Akaniachia mkono, akachukua uma. Sahani ilirudi nyeupe. Ndiyo sahani pekee ya chumba kumi na tisa iliyorudi imemalizika, na niliiosha mwenyewe, sikuipitisha kwenye mashine.

Alikufa kabla ya wiki kwisha, usingizini, uso wake umelainika, manesi walisema. Mzee aliyepiga kelele majira yote ya baridi akaondoka kimya. Na mimi nilikuwa najua kwa nini. Nilikuwa nimempa msamaha, na ule msamaha haukuwa wangu. Mwenye nao alifukuzwa siku ya maziko, akachukuliwa na polisi, na kama alirudi kwake, alirudi na jina la mpishi aliyeua mtoto wa mzungu kwa uvivu. Labda alikuwa na mke. Labda watoto wake waliitwa watoto wa yule. Monsieur Armand alipata usingizi wake kwa Kasiano mara mbili, mara ya kwanza kwa kumnyamazia, mara ya pili kwa kupitia mdomo wangu.

Lakini hilo bado si lile linaloniamsha.

Madame Brigitte alikuja jikoni baada ya mazishi, na boksi la pralines, zile chokoleti, lenye utepe. Alikuwa amevaa vizuri, macho yamevimba. Alinishukuru mbele ya wote. Akasema baba yake hakuwahi kuwa na amani maisha yake yote, na sasa aliipata, akaniuliza nilimpa nini hasa.

"Saladi, Madame," nikasema.

Akatabasamu, akanibusu shavuni. "Angalau wewe uliosha," akasema.

Nilikuwa nimesimama na boksi mikononi. Neno lilikuwa fupi, hata kwa Kifaransa changu: na yeye pia aliosha. Sihitaji kuwaambia nilikuwa na sababu. Mwanamke alikuwa amemzika baba yake asubuhi ya jana yake. Chef alikuwa anatutazama, na mimi nilikuwa napenda kutazamwa vile. Na ningemwambia nini, kwamba baba yake ndiye aliyemnywesha mtoto yale maji, halafu akaacha mtu mwingine abebe? Kila sababu ilikuwa nzuri. Nadhani za Monsieur Armand pia zilikuwa nzuri siku ile ya maziko.

"Asante, Madame," nikasema, na mimi nikanyamaza.

Maman Léontine alisikia na kuelewa yote, kwa sababu nilikuwa nimemweleza usiku wa kuamkia siku hiyo. Alichukua praline moja, akaiangalia, akairudisha kwenye boksi. Alistaafu mwezi wa saba akaenda kuishi na binti yake mjini Liège, na miaka miwili baadaye tukamzika. Ninao upawa wake nyumbani.

Mengine ni ya kawaida. Nilichukua nafasi yake upande wa baridi. Nilifundisha maji matatu kwa wasichana kumi na zaidi na mvulana mmoja, wengi wao waliondoka kabla ya kiangazi. Nilitafuta habari za Kasiano kwa namna niliyoweza: niliuliza wazee kanisani, niliuliza kwa simu Bukavu. "Kasiano wa nani?" waliniuliza wote. Sikujua wa nani. Madame Brigitte alinipa jina moja tu, na nadhani nyumbani kwao lilikuwa moja tu. Nilijaribu kumwandikia yeye. Nilikuwa na anwani yake kwenye kadi ya shukrani, kulekule Uccle, dakika kumi kwa tramu. Niliandika barua ile mwaka baada ya mwaka, kila mwezi wa nne, nikaichana, nikajiambia mwakani Kifaransa changu kitakuwa kizuri zaidi. Msimu wa baridi uliopita nikaona tangazo la kifo chake kwenye kioo cha duka la mkate. Nikanunua mkate nikaenda nyumbani.

Sasa hakuna hata mtu mmoja aliye hai ambaye anaamini kwamba Kasiano hakuosha. Mnaweza kudhani hilo ni faraja. Maana yake ni kwamba hakuna tena wa kuambiwa.

Mwaka ule kiwanda cha magari cha hapa Forest kilipofungwa, upande wetu wa baridi nao ulifungwa, ila sisi hatukuandikwa magazetini. Mabeseni yalichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu. Tangu hapo saladi inafika kwenye gari saa tatu asubuhi, kila mzee na kisanduku chake cha plastiki, mwezi wa nne sawa na mwezi wa kumi na moja. Nilifungua vifuniko hivyo hadi nilipostaafu. Sikufundishwa namna ya kuvifungua, hakuna cha kufundishwa. Niliendelea kusoma sahani, na zilisema lilelile, kwa sauti kubwa zaidi.

Jana nilikwenda sokoni nikanunua letisi changa, radis, asperges nusu kilo. Niliosha maji matatu peke yangu. Nilitengeneza vizuri, mikono bado inajua. Nikaketi mbele ya sahani hadi siki ikalegeza majani, halafu nikaimwaga.

Basi haya ndiyo ninayowaachia, na ninyi hamna matumizi nayo. Kesho mtakapofungua visanduku vyenu, someni kilichoandikwa juu ya kifuniko, herufi za kijani: imeoshwa. Wazee wanaamini, binti zao wanaamini, nesi mkuu anaamini, na hakuna anayeuliza nani aliosha. Kasiano aliosha. Nilikuwa na siku moja ya kulisema, nikasema asante.